Marejeo ni Ngamani: Vihusishi vya Kiitaliano kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia anaweza kukizunguka chombo kizima, akaenda nyuma na mbele apendavyo, lakini chombo kinapoingia maji hana budi kurejea ngamani, mahali maji yanapokumbwa. Methali hii yafaa kuwekwa mbele ya kila mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza lugha ya kigeni, na hasa anayejifunza Kiitaliano. Mara nyingi mwanafunzi wa namna hii huanza safari yake kwa kupitia Kiingereza. Kitabu anachokitumia kimeandikwa kwa Kiingereza, tafsiri anazozinakili daftarini ni za Kiingereza, na makosa anayoyafanya, ajabu ya Musa, ni makosa ya Mwingereza. Ngama yake mwenyewe ameiacha bila kuikagua.

Makala haya yanashikilia kwamba hakuna mahali ambapo jambo hili hudhihirika zaidi kuliko katika matumizi ya vihusishi. Mzungumzaji wa Kiswahili hakosei vihusishi vya Kiitaliano kwa sababu ya uzito wa akili wala uchache wa mazoezi. Hukosea kwa sababu hajaambiwa ni wapi katika sarufi ya Kiswahili pana kazi ileile ambayo Kiitaliano hukipa kihusishi. Akionyeshwa mahali hapo, nusu ya mzigo humtoka mabegani. Nusu iliyobaki ataibeba kwa mazoezi kama wanafunzi wengine wote duniani.

Ufuoni Malindi

Huenda msomaji akajiuliza Kiitaliano kinahusiana vipi na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu liko pwani. Katika mji wa Malindi na viunga vya Watamu na Mambrui, Kiitaliano si lugha ya mbali. Katika miaka ya 1960 Waitalia walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Miaka iliyofuata ilileta watalii na wenye mitaji. Kiitaliano kikawa lugha ya mabango, ya mikahawa na ya mashua za kupeleka wageni kwenye matumbawe. Vijana wengi wa Malindi, ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili au Kigiriama, walijifunza lugha hiyo mchangani kwa masikio matupu, bila mwalimu wala kitabu. Ufasaha wa baadhi yao huwashangaza Waitalia wenyewe.

Hata hivyo, masikio yana mpaka wake. Kijana anayetaka kuvuka kutoka uongozaji wa wageni ufuoni hadi kazi ya ofisini, au anayetaka kufanya mtihani wa kupata cheti, hutakiwa kuandika. Hapo ndipo vihusishi humuumbua. Tuseme mgeni amemuuliza atokako, naye akajibu, "Vengo a Malindi." Alikusudia kusema kwamba anatoka Malindi, lakini amesema kwamba anakuja Malindi. Alipaswa kusema "Vengo da Malindi." Kitenzi ni kilekile kimoja, na kijineno cha herufi moja au mbili ndicho kilichogeuza upande wa safari. Katika Kiswahili kosa hili haliwezekani, kwa kuwa mwelekeo umo ndani ya kitenzi chenyewe: anayetoka hutoka na anayekuja huja. Kijana huyu hana haja ya kukemewa kwamba ni mvivu. Anahitaji kuambiwa jambo moja tu: kazi ambayo kwao hufanywa na kitenzi, kwa Waitalia hufanywa na kihusishi.

Vihusishi vyenyewe

Watoto wa Italia hukariri vihusishi vyao shuleni kama wimbo: di, a, da, in, con, su, per, tra, fra. Ni tisa tu, na viwili vya mwisho vina maana moja. Orodha fupi kama hii humpumbaza mwanafunzi akadhani kwamba ataimaliza kwa siku moja. Kumbe kila kimoja kina matumizi mengi, na matumizi ya kimoja huingia katika mipaka ya kingine.

Kiswahili kwa upande wake kina vihusishi vichache, na wanasarufi wamekuwa wakijadiliana ni maneno yapi yaingizwe katika kundi hilo. Lakini uchache huo hauna maana kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Kazi ya kuhusisha imegawanywa mahali pengi: katika a-unganifu, katika kiambishi tamati -ni cha mahali, katika ngeli ya PA-KU-MU, katika kauli ya kutendea, katika kiambishi cha mtendewa, na katika neno kwa. Mwanafunzi wa Kiswahili amezisoma mada hizi zote. Jambo ambalo hajafanya ni kuziweka kando ya Kiitaliano na kuzilinganua.

A-unganifu na uso wa upatanisho

Ianze a-unganifu, maana ndiyo inayofanana zaidi na kihusishi di. Nyumba ya Maria ni la casa di Maria. Anayesema "Mimi ni wa Mombasa" atasema "Sono di Mombasa," na anayesema "Natoka Mombasa" atasema "Vengo da Mombasa." Hapa Kiswahili na Kiitaliano hutofautisha mambo mawili kwa namna moja: asili ya mtu huonyeshwa kwa kihusishi cha umilikaji, na kutoka kwake huonyeshwa kwa njia nyingine. Kiingereza hutumia neno "from" kwa yote mawili. Anayepitia Kiingereza hulazimika kuitafuta upya tofauti ambayo alizaliwa nayo.

Tatizo huja pale di inapoungana na vibainishi vya nomino. Kiitaliano kina vibainishi saba vya aina hii: il, lo, la, l', i, gli na le. Vihusishi vitano, yaani di, a, da, in na su, huungana na kila kimoja, na kwa hiyo huzaliwa maumbo thelathini na matano: del, dello, della, dell', dei, degli, delle, al, allo, alla, dal, nel, sul na ndugu zake wote. Mwanafunzi akiliona jedwali hilo huingiwa na baridi. Lakini seuze yeye ambaye tangu utotoni hutumia wa, ya, la, cha, vya, za, pa, kwa na mwa bila kufikiri! Kiungo kinachobadilika umbo kwa kufuata nomino si kitu kigeni kwake. Kwa Mwingereza ndicho kigeni.

Kosa analolifanya mzungumzaji wa Kiswahili hapa ni la aina nyingine, nalo ni la uso wa upatanisho. Katika Kiswahili, a-unganifu hutazama nyuma, kwenye kinachomilikiwa: kitabu cha mwalimu, vitabu vya mwalimu, nyumba ya mwalimu. Mwalimu ni yuleyule, na kiungo hubadilika kwa sababu ya kilichotangulia. Katika Kiitaliano kihusishi hutazama mbele, kwenye mmiliki. Virai hivyo vitatu ni il libro del maestro, i libri del maestro, la casa del maestro, na del haibadiliki hata mara moja. Badilisha sasa mmiliki: kitabu cha mwalimu, kitabu cha mwanafunzi, kitabu cha msichana, kitabu cha watoto. Katika Kiswahili cha imetulia tuli. Katika Kiitaliano kila kitu kimechafuka: il libro del maestro, il libro dello studente, il libro della ragazza, il libro dei bambini. Kile kilichotulia huku kinacheza kule, na kinachocheza huku kimetulia kule, mithili ya mtu na kivuli chake kiooni. Mwanafunzi anayeandika "la casa della maestro" hakusahau jedwali. Ametazama nyuma, kwenye casa, kama alivyofunzwa na mama yake. Sentensi moja ya mwalimu, kwamba Kiitaliano hutazama mbele, ingemfaa kuliko kukariri jedwali mara mia.

Kiambishi -ni na mizigo yake

Mahali ambapo Kiswahili hufumbata mengi kuliko Kiitaliano ni katika kiambishi -ni. Izingatiwe mifano hii. Amina yuko sokoni: Amina è al mercato. Amina anaenda sokoni: Amina va al mercato. Amina anarudi kutoka sokoni: Amina torna dal mercato. Kitabu kimo mkobani: Il libro è nella borsa. Kitabu kiko mezani: Il libro è sul tavolo. Watoto wako mezani wanakula: I bambini sono a tavola. Kiambishi ni kimoja, na vihusishi vilivyohitajika ni vinne: a, da, in na su. Si ajabu basi kwamba anayejifunza huchagua kimoja, aghalabu in, akakibebesha mizigo yote.

Hata hapa Kiswahili hakimwachi mtu wake mikono mitupu. Kwanza, mifano miwili ya mwanzo inaonyesha kwamba Kiitaliano, kama Kiswahili, hakitofautishi kukaa mahali na kuelekea mahali: al mercato ni ileile, awe yuko au anaenda. Mwingereza hutenganisha "at" na "to", na anayetafsiri kutoka Kiingereza hutafuta vihusishi viwili pasipo na zaidi ya kimoja. Pili, ngeli ya PA-KU-MU humpa mwanafunzi dokezo. Anayesema "kitabu kimo mkobani" amekwisha kutamka undani kwa kutumia -mo, na undani huo kwa Kiitaliano ni in. Dokezo hili si sheria. Waitalia husema in spiaggia kwa mtu aliye ufuoni na al mare kwa mtu aliyekwenda baharini, na hakuna ngeli itakayoeleza kwa nini mtu huwa in banca lakini huwa al mercato. Virai kama hivi hujifunzwa vikiwa vizima, kama methali.

Majina ya mahali nayo yana utaratibu wake. Miji huchukua a: a Malindi, a Nairobi, a Roma. Nchi za umoja huchukua in: in Kenya, in Tanzania, in Italia. Visiwa vidogo hufuata miji, kwa hiyo husemwa a Lamu na a Zanzibar, ilhali kisiwa kikubwa kama Sicilia huambiwa in Sicilia. Mwanafunzi aliyezoea kusema "in Nairobi" kwa Kiingereza huihamisha in hiyo katika Kiitaliano kwa kuwa ni neno lenye sura ileile. Kufanana kwa sura ndiko kunakomponza. Katika Kiswahili angesema "Ninaishi Nairobi" bila kiungo chochote, na kwa hiyo angeingia katika Kiitaliano akiwa na nafasi tupu ya kujazwa. Ni rahisi kuijaza nafasi tupu kuliko kumtoa mpangaji aliyekwisha kuingia na vyombo vyake.

Mtendewa, ala na kauli ya kutendea

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili nchini Kenya wanazijua vyema shamirisho tatu: kipozi, kitondo na ala. Katika sentensi "Amina alimwandikia Juma barua kwa kalamu," barua ni kipozi, Juma ni kitondo na kalamu ni ala. Mwitalia atasema, "Amina ha scritto una lettera a Juma con la penna." Kipozi hakikupewa kihusishi, kitondo kimepewa a, na ala imepewa con. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeielewa shamirisho ameshaelewa vihusishi viwili vya Kiitaliano kabla ya kukifungua kitabu.

Faida hii huonekana zaidi katika vitenzi ambavyo Kiingereza hupotosha. Mwingereza husema kwamba anangoja "for" mtu, anasikiliza "to" mtu na anatafuta "for" kitu. Anayepitia njia hiyo huandika "aspetto per Juma" na "ascolto a Juma", na yote mawili ni makosa. Mswahili husema namngoja Juma, namsikiliza Juma, namtafuta Juma, bila kihusishi chochote, na Mwitalia vilevile husema aspetto Juma, ascolto Juma, cerco Juma. Kinyume chake, Mwingereza humpigia mtu simu bila kihusishi, na mwanafunzi wake huandika "telefono Juma". Kiswahili kimemwonya mapema: kitenzi kimenyambuliwa kikawa nampigia, kiambishi cha kutendea kimo ndani yake, kwa hiyo Juma ni kitondo na Kiitaliano kitadai a: telefono a Juma. Ndivyo ilivyo kwa namwambia Juma, dico a Juma, na namwandikia Juma, scrivo a Juma.

Yafaa kuongeza onyo. Anayetazama mwisho wa kitenzi bila kukichambua ataingia mtegoni. Kitenzi namsaidia kina sura ya kutendea lakini si mnyambuliko, maana kimekopwa kutoka Kiarabu na hakuna kitenzi "saida" kilichokizaa. Mwitalia husema aiuto Juma, bila a. Ulinganuzi hufaa kwa anayeijua sarufi, na huwahadaa wanaobahatisha.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa kihusishi da. Kikombe cha kahawa kwa Kiitaliano huweza kuwa tazza di caffè au tazza da caffè. Cha kwanza kina kahawa ndani yake. Cha pili kimetengwa kwa kunywea kahawa, hata kama sasa ni kitupu. Kiswahili hakikosi njia ya kuonyesha tofauti hiyo, nayo ni kauli ya kutendea. Kikombe cha kunywea kahawa ni tazza da caffè. Mashine ya kuandikia ni macchina da scrivere. Chumba cha kulia ni sala da pranzo. Vazi la kuogelea ni costume da bagno. Mahali Mswahili anaponyambua kitenzi ili kuonyesha kitu kimewekwa kwa kazi gani, Mwitalia huweka da. Kiingereza huyabana maneno mawili pamoja na kuuficha uhusiano huo kabisa. Mwalimu anayeanza na Kiswahili hulieleza jambo hili kwa dakika tano. Anayeanza na Kiingereza hulieleza kwa juma zima, kisha huamuru likaririwe.

Kwa moja, vihusishi vingi

Neno kwa nalo huhitaji kufumuliwa. Naenda kwa daktari: vado dal medico. Naandika kwa kalamu: scrivo con la penna. Nasafiri kwa gari la moshi: viaggio in treno. Naenda kwa miguu: vado a piedi. Zawadi hii ni kwa watoto: questo regalo è per i bambini. Kwa moja imezaa da, con, in, a na per. Anayetafsiri neno kwa neno atapotea. Anayejiuliza kwanza kazi ya kwa katika sentensi yake, kama ni kuonyesha makazi ya mtu, ala, chombo cha usafiri, namna au mlengwa, atapata njia. Matumizi ya kwanza yastahili kukumbukwa hasa, maana Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kwenda kwa mtu, yaani mahali alipo au anapofanyia kazi, ni da: vado da Maria, vado dal medico. Mwenye kutafsiri kutoka Kiingereza huandika "vado al medico" na kumfanya daktari kuwa jengo.

Wakati nao una mafunzo. Nahodha wa mashua aseme, "Arriviamo a Watamu in un'ora," na amesema kwamba safari yenyewe huchukua muda wa saa moja. Aseme, "Arriviamo a Watamu tra un'ora," na amesema kwamba watafika baada ya saa moja kutoka sasa. Kama mashua ingali inangoja maji yajae, kauli hizo mbili zina tofauti kubwa, na mgeni mwenye ndege ya kuwahi hatalisahau kosa la nahodha. Kiingereza huweza kutumia "in" kwa yote mawili. Kiswahili husema kwa muda wa saa moja na baada ya saa moja, na nahodha anayefikiri kwa Kiswahili amekwisha kuchagua barabara kabla ya kufungua kinywa.

Mahali ambapo hakuna msaada

Haitakuwa haki kudai kwamba Kiswahili ni ufunguo wa kila mlango. Zipo sehemu ambapo hakisaidii. Aliyesema "Nimeishi Malindi kwa miaka mitatu" huweza kuwa angali huko au amekwisha kuhama. Mwitalia hulazimika kuamua: "Abito a Malindi da tre anni" ni ya aliyeko bado, na "Ho abitato a Malindi per tre anni" ni ya aliyeondoka. Isitoshe, vitenzi vinavyofuatwa na kitenzi kingine vina vihusishi visivyo na sababu ya wazi. Ninaanza kufanya kazi ni comincio a lavorare, ninamaliza kufanya kazi ni finisco di lavorare, na ninataka kufanya kazi ni voglio lavorare, bila chochote. Kiswahili husema kufanya mara zote tatu na kukaa kimya. Inategemea mvua ni dipende dalla pioggia, na naogopa mbwa ni ho paura dei cani. Mambo haya hayana njia ya mkato. Kitenzi kijifunzwe pamoja na kihusishi chake tangu siku ya kwanza, kama vile nomino ya Kiswahili inavyopaswa kujifunzwa pamoja na ngeli yake.

Wapo watakaopinga kwamba mbinu hii imepitwa na wakati. Watakumbusha kwamba Robert Lado alipochapisha kitabu chake kuhusu ulinganuzi wa lugha mwaka 1957, walimu wengi waliamini kwamba kila kosa huweza kutabiriwa, na kwamba S. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kuonyesha kuwa makosa ya mwanafunzi yana mantiki yake mwenyewe na hayatoki katika lugha ya kwanza pekee. Hoja hii ina uzito. Lakini kutotabiri kila kosa si sababu ya kuacha kuyaeleza yale yanayoelezeka. Wengine watasema kwamba Kiswahili si lugha mama ya wanafunzi wote wa Kenya. Ni kweli, ila lugha za Kibantu kama Kigiriama zina mnyambuliko wa kutendea na kiambishi cha mahali vilevile, kwa hiyo mlango wa Kiswahili uko karibu na nyumba yao kuliko mlango wa Kiingereza. Wengine tena watasema kwamba vijana wa Malindi wamejifunza bila sarufi yoyote. Wamejifunza kuzungumza, na hongera zao. Suala ni kwa nini wanyimwe hatua ya pili.

Jukumu la Idara za Kiswahili

Waitalia wenyewe wametoa kielelezo. Katika chuo kikuu cha L'Orientale mjini Napoli, Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi, na mtaalamu Elena Bertoncini Zúbková aliwaandikia wanafunzi wake Waitalia kozi iitwayo Kiswahili kwa Furaha. Mwanafunzi wa Napoli huelezwa Kiswahili kwa lugha yake mwenyewe. Hakulazimishwa kupitia Kiingereza ili afike Malindi. Iweje basi mtu wa Malindi alazimike kupitia London ili afike Napoli?

Kazi hii haihitaji mamilioni ya fedha. Kijitabu chembamba cha vihusishi vya Kiitaliano kwa wazungumzaji wa Kiswahili, chenye sura moja ya a-unganifu, moja ya kiambishi -ni, moja ya kauli ya kutendea na moja ya kwa, kinaweza kuandikwa na wanafunzi wachache wa uzamili chini ya uelekezi wa mhadhiri mmoja. Data imelala mchangani Malindi, ikisubiri wa kuikusanya: sentensi zinazosemwa na vijana kila siku, sahihi na zenye makosa. Tasnifu ngapi zimeandikwa kuhusu makosa ya wanafunzi wa Kiswahili, na ngapi zimeandikwa kuhusu Kiswahili kama ngazi ya kufikia lugha nyingine?

Faida haitakuwa ya kijana wa Malindi peke yake. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayekaa na mifano hii atagundua kwamba hakuijua vizuri kauli ya kutendea hadi alipoiona ikivaa nguo ya da, wala hakuujua uzito wa -ni hadi alipolazimika kuugawa katika vihusishi vinne. Lugha hujulikana vyema inapowekwa kando ya nyingine. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kinafaa kuwa lugha ya elimu. Usemi huo utabaki wa majukwaani maadamu msemaji wake anapotaka kujifunza jambo jipya, hata kijineno kidogo kama da, hukimbilia Kiingereza kwanza. Chombo kinaingia maji, na ngama haiko omo wala tezi. Ifunguliwe, maji yakumbwe, safari iendelee.